Saa ya dhahabu haiuzwi kwa gramu

Mhariri,

Wanunuzi wa dhahabu wanaozunguka mitaani hapa Nakuru na mizani mfukoni wamenichosha. Nikipewa nafasi, ningependa kusema na wale wanaowauzia.

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Njoro aliniletea saa ya marehemu babu yake, aliyekuwa makanika wa magari ya mashindano miaka ile Joginder Singh akitamba katika Safari Rally. Mnunuzi alikuwa ameshaivua kamba, akaipima, akakisia uzito wa mashine na kuutoa, kisha akataja bei ya gramu. Kilichomfanya kijana asite ni kwamba saa bado inatembea.

Nikaifungua. Ndani ya kifuniko kuna muhuri mdogo kuliko punje ya wimbi: kichwa cha mwanamke. Uswisi walikuwa wakiipiga dhahabu ya karati 18 muhuri huo hadi 1995. Ya karati 14 ilipigwa kuchakuro. Mashine ni Valjoux 72, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, jamii ileile iliyotumika katika Daytona za kwanza, saa za kampuni ya Rolex. Saa yenyewe ni Heuer Carrera. Aina hiyo ilitoka 1963, na Jack Heuer, mkuu wa kampuni hiyo, aliipa jina la mbio za magari za Mexico. Nyingi zilikuwa za chuma cha pua, za dhahabu zilikuwa chache. Pembeni mwa uso wake mna vipimo vya mwendo: gari likipita jiwe la maili unabonyeza kitufe, likifika la pili unabonyeza tena, na mshale unakuonyesha lilikuwa likienda maili ngapi kwa saa. Nadhani mzee aliitumia hasa, maana kitufe cha juu kimelika.

Hiyo ndiyo ilikuwa iende kuyeyushwa!

Anayedhani thamani yote iko kwenye dhahabu akumbuke Daytona ya mwigizaji Paul Newman. Ilinadiwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ile ni ya chuma. Sisemi ya Njoro itafika huko, wala robo yake. Nasema tu kwamba anayenunua kwa gramu halipii mashine, uso, wala historia ya saa.

Kuna na wale mafundi wenzangu wanaopenda kung'arisha. Tafadhali, acheni. Uso uliogeuka rangi ya chai usipakwe upya, na zile pembe zinazoshika kamba zisisuguliwe hadi zikawa mviringo. Wakusanyaji wa saa huanza kutazama hapo, na ukishazisugua huwezi kuzirudisha. Saa zilizopakwa dhahabu juu juu ni habari nyingine; hizo hata mnunuzi wa gramu huzikataa.

Mama wa kijana anataka saa iuzwe ilipe ada ya chuo, na simlaumu hata kidogo. Ila iende kwenye mnada wa saa. Na kabla haijatoka mkononi mwao, wavue kamba na kupiga picha namba zilizochongwa kati ya pembe, kisha wapige na muhuri ulio ndani ya kifuniko. Mimi kufungua na kutazama silipishi.

Fundi wa saa,
Section 58, Nakuru