Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zitasomwa na Mhazini, na kumbukumbu za vikao anazo Katibu. Taarifa hii ni ya fizikia yenyewe: yaliyotoka mwaka huu, tuliyoyajadili, na kazi inayotusubiri. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta (fizikia ya atomi na vitu vidogo zaidi), na huenda wengi mlitegemea nianzie huko. Naanzia kwenye friza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Kisa hicho tunakijua sote. Kinachosahaulika ni walichopima hasa. Walitumia mililita 70 za maji ndani ya bika ya mililita 100, iliyokaa juu ya povu jeupe, wakapima muda hadi maji yalipoanza kuganda. Muda huo ulikuwa mrefu kuliko yote kwa maji yaliyoanzia nyuzi 25, na mfupi zaidi sana kwa yaliyoanzia karibu na nyuzi 90.

Ubishi wote uko kwenye hilo neno "kuanza". Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walichagua kupima muda wa maji kufika nyuzi 0. Kwa kipimo hicho hawakupata ushahidi wa maana wa maji ya moto kutangulia. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya bika kunaweza kukupa athari ya Mpemba (ya moto kuitangulia ya baridi) isiyokuwepo. Ni makosa kusema makala hiyo ilimfuta Mpemba, na ni makosa vilevile kuipuuza. Maji yaliyofika sifuri bado hayajaganda. Kati ya mambo hayo mawili kuna safari, nayo ndiyo yenye vituko.

Wananadharia nao waliliondoa swali kwenye maji kabisa. Zhiyue Lu na Oren Raz walieleza mwaka 2017 kwamba mfumo unaorudi kwenye utulivu hushuka kwa njia nyingi kwa pamoja, kila njia na kasi yake, na mwishoni hubaki ile ya polepole kuliko zote. Kama hali ya moto imebeba kiasi kidogo cha njia hiyo ya polepole kuliko hali ya vuguvugu, ya moto itatangulia kufika. Kiasi hicho kikiwa sifuri, njia ya polepole haipo tena na mfumo hushuka kwa kasi ya njia inayofuata. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walilionyesha jambo hilo kwa punje moja ya silika yenye kipenyo cha mikromita 1.5, ikiwa ndani ya maji, wakiisukuma kwa leza inayoongozwa na kompyuta. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck wakaliona kwenye mnyororo wa ioni 12 (atomi zenye chaji). Hapo halikupimwa joto, bali namna ulinganifu uliovunjwa unavyorejea: uliovunjwa zaidi uliwahi kurejea.

Kwa hiyo jina la mwanafunzi wa Magamba linasomwa leo kwenye maabara za kwanta, ilhali kwetu jaribio la bika linaendelea kufanywa ovyo kwenye maonyesho ya shule na kuhitimishwa kwa "ndiyo" au "siyo" isiyosema kilichopimwa. Kikundi cha majaribio kimekamilisha mwongozo mwaka huu. Nauweka hapa kwa kirefu kwa sababu ndio kazi tutakayowapa walimu.

Chemsha maji yote kwa pamoja, kwenye chombo kimoja, dakika kumi. Ukichemsha nusu tu, unalinganisha maji yenye hewa na yasiyo na hewa. Sehemu itakayoanza ikiwa vuguvugu ipozwe ikiwa imefunikwa. Gawanya kwa mizani, siyo kwa macho: gramu 70 kila bika, mizani ya kusoma hadi gramu 0.1. Pima tena mwishoni, maana maji ya moto hupotea kwa mvuke. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba hata joto lote la kutoka nyuzi 90 hadi 0 likiondoka kwa mvuke peke yake, kinachopotea ni kama asilimia 15, yaani gramu 10 hivi. Mizani ikikuonyesha zaidi ya hapo, kuna maji yamemwagika. (Walimu wa Iringa wakumbuke kwamba kwao maji huchemka karibu na nyuzi 95, siyo 100. Kipimajoto chao si kibovu.)

Bika isikae moja kwa moja kwenye sakafu ya friza yenye theluji. Ya moto huiyeyusha theluji iliyo chini yake, inakaa kwenye maji, inashikana vizuri na chuma baridi na kupoa haraka kwa sababu isiyohusiana na swali letu. Weka povu la sentimita mbili, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Usiingize bika mbili kwa wakati mmoja, kwani ya moto inaipasha ya jirani na kuiamsha kompresa mapema, na zote mbili zinafaidi. Ingiza moja, maliza, subiri friza irudi kwenye nyuzi −18, ndipo uingize nyingine mahali palepale. Badilisha utaratibu wa nani anatangulia, na usiseme lolote kabla ya jozi kumi (ya moto moja, ya vuguvugu moja). Umeme ukikatika katikati, jaribio hilo liandikwe kuwa limekatika na lisihesabiwe.

Themokapo (vipimajoto vya waya) ziwe mbili kwa kila bika, moja milimita 10 kutoka chini na nyingine milimita 10 chini ya uso wa maji, zimefungwa kwenye kijiti ili zisitikisike. Zihakikishwe kwanza kwenye uji wa barafu iliyosagwa na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa ya kuongezea betri (siyo asidi). Themokapo za aina ya K huweza kukosea nyuzi mbili bila kuharibika, na kosa hilo ni kubwa mno kwa kazi hii. Andika tofauti ya kila waya na uiondoe kwenye hesabu. Soma kila sekunde kumi.

Kisha andika nyakati tatu, siyo moja: kufika nyuzi 0, barafu ya kwanza, na kuganda kote. Barafu ya kwanza haihitaji kufungua mlango. Maji safi hushuka chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, pengine hadi −5 au chini zaidi, halafu ghafla joto hupanda na kurudi 0. Mruko huo ndio barafu ya kwanza. Lini utatokea ni bahati ya vumbi, mkwaruzo wa kioo na mtikisiko, na ndiyo maana jozi moja haisemi kitu. Usishangae bika ileile ikitoa nyakati zilizoachana sana.

Tatizo la "unalinganisha na nini" limejitokeza pia kwenye habari kubwa ya chembe mwaka huu. Tarehe 3 Juni Fermilab, maabara ya chembe ya Marekani, ilitoa matokeo ya mwisho ya usumaku wa myuoni (chembe iliyo kama elektroni lakini nzito zaidi), kwa uhakika wa sehemu 127 kwa bilioni. Mwaka 2021 tofauti na nadharia ilikuwa mara 4.2 ya kosa la kipimo na la nadharia kwa pamoja, na magazeti yakatangaza nguvu mpya ya asili. Mwaka huu kipimo hakikubadilika kwa maana yoyote. Kilichohama ni nadharia. Mchango wa chembe zenye kwaki (vijenzi vya protoni na nutroni) ulikuwa ukikadiriwa kutokana na data za migongano ya elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), na data hizo zimeanza kupingana zenyewe kwa zenyewe. Wananadharia wameegemea hesabu za kompyuta kubwa zinazogawa nafasi na wakati kuwa wavu, na pengo limetoweka ndani ya kosa la nadharia. Kosa hilo sasa ni kama mara nne ya lile la kipimo. Anayetaka tasnifu ya uzamili kwenye nadharia, kazi iko hapo.

Muunganiko wa nyuklia (viini vyepesi kuungana na kutoa nishati, kama ndani ya jua) nitaupitia haraka. Aprili jaribio la leza la Marekani lilitoa megajuli 8.6 kutoka megajuli 2.08 zilizofika kwenye shabaha ya fueli. Lakini leza hizo huvuta kama megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Februari mashine ya WEST ya Ufaransa ilishikilia plazma (gesi ya moto mno yenye chaji) sekunde 1,337. Hakuna kati ya hizo iliyowasha taa.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia imekwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio ya 1984 na 1985 yaliyoonyesha sakiti nzima ya umeme ikipenya kizuizi kwa sheria za kwanta. Mafundi wetu wa vifaa watapenda kujua kwamba adui mkubwa wa watatu hao alikuwa kelele za mikrowevu zinazoshuka na nyaya, na kwamba walizizima kwa vichujio vilivyojazwa unga wa shaba. Kompresa ya friza nayo hutia kelele kwenye themokapo, kwa hiyo sokota nyaya.

Kwenye fizikia tumizi, swali linaloletwa zaidi kwetu ni la sola. Seli ya tabaka mbili, perovskaiti (fuwele za kutengenezwa zinazonyonya mwanga) juu ya silikoni, ilifikia ufanisi wa asilimia 34.85 mwaka huu, wakati kikomo cha kinadharia cha silikoni peke yake ni asilimia 29.4 hivi. Rekodi hiyo ni ya seli ndogo ya maabara, katika nyuzi 25. Perovskaiti huharibiwa na unyevu na joto, na asubuhi za Dar unyevu hupita asilimia 80 mara nyingi. Atakayewaletea paneli za aina hiyo, ulizeni cheti cha jaribio la saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kabla ya kuuliza bei.

Hata silikoni ya kawaida haitoi hapa kilichoandikwa mgongoni. Chukua paneli ya wati 400, hewa nyuzi 32, jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba. Namba ya NOCT (joto la seli katika hali ya kawaida ya kazi) kwenye karatasi ya paneli ikiwa 45, toa 20, gawanya kwa 800, zidisha kwa 1,000, jumlisha hewa: seli iko kwenye nyuzi 63. Ikiwa inapoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi juu ya 25, zimeondoka asilimia 13 na ushee, na unabaki na wati 346 kabla ya vumbi na nyaya. Fundi akiilaza juu ya bati bila nafasi, joto linapanda zaidi. Aache sentimita 10 hadi 15 hewa ipite. Wakazi wa Kigamboni na Mbezi Beach wakague viunganishi kila baada ya miezi sita, kwa sababu chumvi ya bahari hula shaba na kiunganishi chenye kutu huungua.

Kwa mwaka 2026 Kamati Tendaji inapendekeza jambo moja tu kubwa: jaribio la friza lifanyike kwa mwongozo mmoja katika shule zitakazokubali, za pwani na za nyanda za juu. Walimu watakaoshiriki wajiandikishe kwa Katibu leo kabla ya kuondoka. Karatasi za matokeo zirudishwe zote, pamoja na za majaribio yaliyokatika, zikionyesha nyakati tatu, uzito wa mwanzo na wa mwisho, na mahali bika ilipokaa ndani ya friza.

Mwenyekiti
Dar es Salaam, Desemba 2025