Bahari ya Malindi msiipake buluu

Mhariri,

Hoteli moja hapa Malindi iliniagiza picha za kalenda, kisha ikazikataa kwa kuwa bahari ilitoka nyekundu. Nilitakiwa nikaipake buluu kwenye kompyuta. Nilikataa, kazi akapewa mwingine. Hilo limepita, lakini maneno niliyoambiwa bado yananikera: kwamba mpiga picha wa mandhari hana lake la kusema, kazi yake ni kubonyeza tu na kumpa mteja anachotaka kuona.

Wenyeji tunajua wekundu huo unatoka wapi. Mvua za vuli zikinyesha bara, Mto Athi unazoa udongo wa Ukambani, unapita Tsavo ukiitwa Galana, na kwetu unafika ukiitwa Sabaki. Unamwaga baharini kaskazini mwa mji, upande wa kuelekea Mambrui. Kaskazi ikishika, maji hayo husukumwa kusini mpaka kwenye ghuba yetu. Kusi ikirudi, hupelekwa upande wa pili na bahari iliyo mbele ya mji hutakata. Wavuvi wa kamba hawayachukii, maana riziki yao imo humo humo kwenye matope.

Mimi hupenda kwenda mlangoni mwa Sabaki alfajiri, maji yakipwa. Jua huchomoza baharini. (Zile kadi zenye jua juu ya maji na maandishi ya machweo ya Malindi ni za asubuhi, jioni jua letu huzama nyuma ya mji, upande wa bara.) Mwanga mzuri haukai. Huku karibu na ikweta jua hupanda upesi, na ikipita saa mbili asubuhi rangi zimeshaanza kupauka. Kwa hiyo nafika giza bado, nasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, halafu naanza kuchagua. Mstari wa upeo niupandishe ili tope lijae picha, au niushushe niyaachie mawingu nafasi? Shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, niiache wazi kwa sekunde kadhaa mpaka mawimbi yalainike yawe ukungu, au niyakamate yanapovunjika? Nikitaka mtazamaji auhisi uzito wa udongo ule, ambao jana ulikuwa shamba la mtu huko bara, nainamisha lenzi na kuiondoa mbingu kabisa. Wapiga picha wawili wakisimama pale asubuhi moja watarudi na bahari mbili. Kama hiyo si sanaa, basi sijui sanaa ni ipi.

Wapo watakaouliza: ikiwa kuchagua kunaruhusiwa, kupaka buluu kuna ubaya gani? Swali hili nimelifikiria sana. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya jabali la Half Dome kule Yosemite. Kwanza alitumia kichujio cha manjano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, akahisi kwamba mbingu itakayotoka haitafanana na kicho kilichomwingia mbele ya mwamba ule. Sahani ya mwisho iliyomsalia, yaani kioo cha kunasia picha kilichotumika kama filamu, akaipiga kwa kichujio chekundu, mbingu ikatoka karibu nyeusi. Mbingu ya siku ile haikuwa nyeusi. Lakini weusi huo ulitoka kwa mtu aliyelitazama jabali mpaka likamgusa. Buluu niliyoagizwa mimi ilitoka kwa mtu asiyetaka hata kuitazama bahari.

Makorongo ya Marafa nayo yamepatwa na hayo hayo. Picha nyingi za huko zimekolezwa mpaka zinafanana na sharubati, na kumbe ukisubiri jua la jioni, tabaka zile nyeupe, za waridi na nyekundu huwaka zenyewe bila msaada wa mtu.

Ombi langu kwenu wenye magazeti: mnapochapisha picha ya mandhari, andikeni jina la aliyeipiga, mahali na mwezi. Mchoraji hutia sahihi kwenye kazi yake, na sisi tunastahili hivyo. Nao wenye hoteli wanaotaka kalenda ya Malindi, kwenye Desemba waweke bahari ya tope, na kwenye Agosti waweke ile iliyotakata. Mgeni akija atakuta aliyoonyeshwa.

Mpiga picha wa studio,
Malindi