Kichocho cha tumbo tunakiita vidonda vya tumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa mialoni, yaani fukwe za kushushia samaki za Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe.

Huku kwetu tumbo likisumbua, jina lake ni moja: vidonda vya tumbo. Juzi juzi kijana mmoja mvuvi wa dagaa alikuwa anapata choo cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, na kila akisimama anashikwa na kizunguzungu. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya kupunguza asidi, akarudi ziwani. Usiku akatapika damu mtumbwini. Wenzake waliwahi kumfikisha hospitali.

Kilikuwa kichocho. Wengi tunajua kile cha kukojoa damu, lakini kinachotusumbua sisi wa ziwani hasa ni cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ukiwa majini, kisha hukua kuwa minyoo inayotaga mayai. Mayai hayo yakinasa kwenye ini miaka na miaka, ini hufanya makovu, damu inakosa pa kupita, na mishipa ya njia ya chakula inatuna hadi ipasuke. Bandama nalo huvimba. Ndiyo yule mtu ana uvimbe mgumu chini ya mbavu za kushoto, au tumbo limejaa maji huku mikono imekonda, halafu tunasema karogwa.

Anayeharisha damu mara kwa mara asimalize wiki bila kupimwa choo. Aliyetapika damu, au mwenye choo cha lami, aondoke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asipewe diklofenaki wala aspirini maana zinaongeza kuvuja. (Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asishtuke akiona choo cheusi, hicho hakinati kama lami.)

Halafu kuna hili linaloniudhi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, watoto wanagawiwa shuleni, baba zao wanaoshinda majini wanarukwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka hata watu wazima wapewe kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Waganga wakuu wa wilaya, ileteni mwaloni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu. Mkija siku za giza, zisizo na mwezi, mtawakuta wamelala mchana, wamekesha ziwani.

Mchuuzi wa dagaa,
Kayenze, Mwanza