Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa za plazma haziagizwi kama parasitamoli

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima. Mimi ni mfamasia wa hospitali ya rufaa, na nakuandikia kuhusu rafu moja ya friji. Hapo ndipo tunapoweka albumini (protini ya damu), imunoglobulini (kingamwili), sindano za anti-D (za kuwakinga watoto wa baadaye wa mama mwenye damu ya Rhesus hasi) na Fakta VIII (protini ya kugandisha damu), dawa zinazotokana na plazma, yaani yale majimaji ya damu yenye rangi ya manjano (wanakamusi wanayaita utegili, ingawa wodini sijamsikia mtu akilitumia neno hilo).

Usiku mmoja, saa nane, baba aliingia amembeba mwanawe mgongoni. Goti la kijana lilikuwa limejaa damu kwa ndani, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Ana himofilia A, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao damu haigandi vizuri kwa kukosa Fakta VIII, na ana kilo 40. Hesabu yake si ngumu: uniti moja ya Fakta VIII kwa kila kilo hupandisha kiwango chake mwilini kwa takriban asilimia 2. Nilitaka kumfikisha asilimia 50, kwa hiyo nilihitaji uniti 1,000. Rafuni nilikuwa na vichupa viwili vya uniti 250. Nikavichanganya kwa kuzungusha polepole, maana ukivitikisa vinatoa povu, muuguzi akamdunga. Ilikuwa nusu ya dozi, na nilijua kwamba kufikia mchana nusu ya hiyo nusu itakuwa imeshatoka mwilini.

Kulipokucha nilimpigia msambazaji. Akaniambia mzigo mwingine ni baada ya miezi. Nilimkasirikia, lakini kwa hilo alisema kweli. Dawa hii huanzia kwenye mkono wa mtu aliyekubali kutoa plazma. Hugandishwa, hupimwa virusi, huchanganywa na ya maelfu ya wachangiaji wengine, kisha protini zake hutenganishwa moja baada ya nyingine, kwa njia za baridi na alkoholi ambazo Edwin Cohn alizianzisha Marekani miaka ya 1940 na kwa nyingine zilizokuja baadaye. Halafu huja hatua ya kuua virusi, kwa joto au kwa kemikali, ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeiruka: mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla haijawa kawaida, maelfu ya wenye himofilia waliambukizwa VVU kupitia dawa hizihizi. Kuanzia mchangiaji hadi kichupa hupita miezi 7 hadi 12. Kwa hiyo agizo la dharura la Fakta VIII ni ombi la kupewa kilichokwisha kutengewa mtu mwingine.

Sasa itazame zabuni yetu, Mheshimiwa. Ni ya mwaka mmoja, mshindi mmoja, bei ya chini kabisa, na mzigo ukichelewa anatozwa faini. Kwa parasitamoli sina ugomvi nayo, maana mmoja akishindwa kuna kumi nyuma yake. Kwa plazma wazalishaji ni wachache, na wanawahudumia kwanza waliowaahidi mapema. Faini tuliitoza. Faini haidungwi mtu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mahitaji haya hayabahatishwi. Malaria inaweza kutushtukiza, himofilia haishtukizi. Wagonjwa wetu wana majalada, tunajua kilo zao na mara ngapi wanavuja damu kwa mwaka. Watoto waliozaliwa na upungufu wa kinga hupewa imunoglobulini ya mshipani kila wiki 3 au 4, maisha yao yote. Hata anti-D tunaweza kuikadiria kutokana na kadi za kliniki za akina mama wenye damu ya Rhesus hasi, na hiyo mama anapaswa kuipata ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Naomba basi mkataba wa miaka mitatu, wasambazaji wasiopungua wawili, na akiba ya miezi kadhaa isiyoguswa ila kwa idhini.

Kuna suala la sanduku pia. Ijumaa moja jioni nilipokea imunoglobulini, vichupa vimeegemezwa moja kwa moja kwenye mabonge ya barafu. Dawa hiyo inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji ya kisima. Nikakataa kusaini. Dereva akashangaa: "Dokta, si iko baridi?" Sikumlaumu, kwa sababu mkataba wenyewe unasema tu "isafirishwe kwa ubaridi". Uandikwe kwamba kila sanduku liwe na kifaa cha kurekodi joto, kisomwe kabla ya sahihi, na namba ya toleo, yaani ya kundi la vichupa vilivyotengenezwa pamoja, ifuate kila kichupa mpaka kwenye jalada la mgonjwa. Toleo likiondolewa sokoni, niweze kujua ndani ya saa moja ni nani aliyedungwa.

Watakuwapo watakaokushauri kujenga kiwanda cha kuchuja plazma. Usianzie huko. Anzia kwenye benki ya damu: plazma yetu ikikusanywa na kupimwa kwa viwango, viwanda vilivyopo vinaweza kutuchujia kwa mkataba. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la 2010 lilishazihimiza nchi zijitosheleze kwa mazao ya damu.

Emicizumab nayo, sindano ya chini ya ngozi ya kuzuia kuvuja damu kwa wenye himofilia A, isiyotokana na plazma, ingemwondolea kijana yule safari nyingi za usiku. Ila tukiiingiza katika zabuni ileile, itakwisha vilevile.

Kijana alirudi mara mbili wiki ile. Goti lake halinyooki tena lote. Makadirio yetu ya mwaka ujao nimeshayaandika, jalada kwa jalada, na naomba yasomwe kabla zabuni haijatangazwa.

Wako katika kazi,
Mfamasia, bohari ya dawa ya hospitali ya rufaa