Kwa shoga yangu, kabla hujakaa dirishani

Majengo, Mombasa

Shoga yangu,

Hongera kwa kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya serikali. Ukutani utakuta mkataba wa huduma umetiwa fremu: heshima, uadilifu, uwazi. Waliouning'iniza wengi wao hawakai dirishani. Wewe utakaa, basi nisikilize.

Kwanza jua mtu ametoka wapi. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini matatu ya kutoka Msambweni au Lunga Lunga si bure, na msongamano wa Likoni asubuhi unaujua. Mtu huyo ukimtuma kopi ya kitambulisho, akirudi ukamuuliza "na picha je?", siku yake imekwisha. Mtajie yote kwa mpigo: kitambulisho chenyewe na kopi, picha ngapi, malipo kiasi gani na hulipwa vipi, dirisha hufungwa saa ngapi. Kisha mwandikie kwenye kikaratasi, herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Fomu nyingine utazikuta za Kiingereza kitupu, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimezifanya Kiswahili na Kiingereza zote mbili kuwa lugha rasmi. Aliyekwama hasemi. Utamwona anaigeuzageuza fomu, au atakwambia miwani ameisahau nyumbani. Usimuulize mbele ya foleni kama anajua kusoma! Mwambie, "Lete mamangu, tujaze pamoja." Msomee kila swali, andika alivyojibu yeye, si unavyodhani wewe, kisha umsomee tena yote kabla hajatia kidole. Na uwe na kitambaa cha kupangusia wino. Wengi hutoka na kidole cheusi wakachafua buibui au kanzu.

Kioo nacho kina balaa lake. Kwa kuwa hamsikizani vizuri, utajikuta unapaza sauti, na foleni nzima imeshajua talaka ya mtu au ugonjwa wake. Mambo kama hayo mwite pembeni, au muandikiane. Mwenye magongo au kiti cha magurudumu zungumza naye mwenyewe, si na aliyemsindikiza.

"Nenda pale mbele ukaulizie" si kumwelekeza mtu. Taja ghorofa na nambari ya mlango, na piga simu kwanza ujue mhusika yupo. Ijumaa adhuhuri hasa, usimpandishe mzee ngazi akakute mwenyewe yuko msikitini. Mtandao ukipotea, watangazie wote kwa pamoja, uwaambie utarudi kuwapa habari saa ngapi, na saa hiyo urudi hata kama huna jipya. Kinachowakasirisha zaidi ni kukaa bila kujua.

Majirani zetu watakuja kwa mlango wa nyuma, wakuite mwanangu. Wasalimie vizuri, kisha waonyeshe foleni ilipo. Mjamzito au mkongwe ukitaka kumtanguliza, waombe walio kwenye foleni kwa sauti: "Jamani, tumpishe mama huyu?" Wakiombwa hukubali, wasipoombwa hunung'unika, na wana haki.

Atakayekupa pesa ya chai mrudishie papo hapo, kwa sauti ya kawaida: "Hii haina malipo, baba." Ukikataa kwa kunong'ona, atadhani hazitoshi.

Vikaratasi usivingoje ofisini, utaambiwa havijaletwa. Pita Mwembe Tayari ununue daftari dogo la kuchana kurasa, na kalamu mbili, moja ya kuazimwa.

Mama nisalimie sana.

Shoga yako