Barua kwa mwanangu dereva: kopo baridi, tangi la petroli

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Morogoro. Mkeo na watoto hawajambo, mvua zimeanza na mchicha wa uani umestawi. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana jambo lenyewe lina maelezo mengi na simu yako hukatika kila ukiingia Mikumi.

Shangazi yako alikuja Jumapili. Akasema amesikia umekuwa mtu wa makopo, unakula maharage na samaki moja kwa moja kutoka kwenye kopo, yakiwa baridi, hata kupasha hupashi. Akasema tumbo litaharibika, na kwamba mwanaume mwenye mke kula hivyo ni kumwaibisha mke. Mkeo hakujibu kitu, akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona limemuuma. Nilimjibu shangazi yako kwa heshima yake, kisha nikaona na wewe nikuandikie, usije ukasikia maneno ya pembeni ukaanza kubeba jiko.

Endelea kula hivyo hivyo. Wewe unavuta tangi la petroli kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, unatambaa chini, unafika mbali na gari lenyewe, na ukikuta moto mdogo tu unarudi nao mpaka ulikotoka. Sisi wa Morogoro hatuna haja ya kuhadithiwa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Kwa hiyo foleni ya Tunduma au ya Kasumbalesa iwe ndefu vipi, baridi ya Makambako iwe kali vipi, usiwashe jiko karibu na gari hilo, wala usikubali mwenzako awashe kando yako. Dereva anayekula baridi kwa ajili hiyo anawalinda watu asiowajua, na mkeo anastahili kujivunia mume wa namna hiyo. Nimemwambia hivyo, na nataka umwambie na wewe kwa mdomo wako.

Sasa kuhusu tumbo. Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, ya kukagua maduka, maghala na machinjio. Chakula cha kopo nakijua. Kile si chakula kibichi kinachosubiri moto wako. Kimepikwa, tena kimepikiwa ndani ya kopo lenyewe. Maharage hulowekwa, hutiwa kwenye kopo pamoja na maji ya chumvi au mchuzi, kopo linafungwa kabisa, ndipo linaingizwa kwenye pipa kubwa la mvuke wenye shinikizo. Kwa vyakula visivyo na uchachu, kama maharage, nyama na samaki, joto la nyuzi 121 likifika katikati ya kopo na kukaa hapo dakika 3 linatosha kuua hata mbegu sugu za bakteria ambazo maji ya kuchemka kwenye sufuria hayaziwezi. Mananasi na nyanya zina uchachu wake, bakteria wale hawawezi kuota humo, ndiyo maana joto la maji ya kuchemka linazitosha. Ile mifupa ya sadini inayosagika mdomoni imelainishwa na mvuke huohuo. Usiitupe, itafune, ina madini ya chokaa.

Utaalamu huu ni wa zamani. Mfaransa mmoja aliyekuwa mpishi wa vitu vitamu, Nicolas Appert, ndiye aliyegundua kwamba chakula kikifungwa kwenye chupa na kuchemshwa hakiozi, na mwaka 1810 serikali ya nchi yake ikamzawadia faranga 12,000. Mwaka huohuo Peter Durand akasajili Uingereza matumizi ya kopo la bati. Wanajeshi na mabaharia wakala makopo yaleyale miongo kadhaa kabla ya mtu kubuni kifaa cha kuyafungulia. Walitumia nyundo na patasi. Hata sisi tulikuwa na kiwanda chetu, Tanganyika Packers pale Kawe, kikifunga nyama ya ng'ombe kwenye makopo na kuipeleka nje. Kiwanda kimekufa, lakini mpaka leo watu wanapaita hapo kwa jina lake.

Basi unapokula maharage ya kopo bila kupasha unakula chakula kilichoiva ambacho kimepoa, kama kiporo cha asubuhi ulichokuwa ukigombania na dada zako. Tena kiporo cha wali ndicho cha kuogopa zaidi, kwa sababu kimelala usiku kucha kwenye sufuria iliyo wazi, na bakteria wa wali hustahimili kupikwa. Kopo halijaingiwa na kitu tangu lifungwe kiwandani.

Ukiniuliza hatari iko wapi, nitakujibu iko kwenye bati na kwenye saa zinazofuata baada ya kufungua. Hayo mawili ndiyo ninayotaka uyashike.

Bati likaguliwe dukani kabla hujatoa hela. Bonyeza juu na chini kwa dole gumba. Kopo zima halibonyei na kurudi, wala halijatuna. Lililovimba limeingiwa na kitu kinachotoa hewa ndani, na hata muuzaji akikupunguzia bei au akikupa bure, liache. Angalia mshono wa ubavuni na kingo za juu na chini. Kopo lililobonyea kidogo tumboni si neno, lakini lililopigika kwenye mshono au ukingo huenda limepata tundu usiloliona kwa macho. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kitambaa haina shida, ila iliyokula bati hapana. Ukikuta lebo imebanduliwa, au tarehe imefutwa na kupigwa upya, ondoka. Nimekamata makopo kama hayo kwenye maduka ya barabarani mara nyingi, na wenye maduka walikuwa na maneno matamu sana.

Kuna sumu moja ambayo wewe kama dereva lazima uzijue dalili zake. Ni nadra kwenye makopo ya kiwandani, lakini inaua. Hutengenezwa na wale bakteria wenye mbegu sugu wakipata nafasi kwenye kopo lililoharibika, na si lazima chakula kinuke. Kwa kawaida baada ya saa 12 mpaka 36 mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, mdomo unakauka, anashindwa kumeza na sauti inabadilika. Ukiona barabara inakuwa mbili, usidhani ni usingizi. Egesha, mpe utingo wako simu, mwende hospitali saa hiyo hiyo, na mumwambie daktari ulichokula. Kopo ukilitilia shaka, usilionje ili kuhakikisha. Tonge moja linatosha kuleta msiba.

Halafu hili la injini. Nimesikia madereva wengine wanalaza kopo lililofungwa juu ya injini ya moto, wakifika kituo wanalikuta limepashika. Mwanangu, nakuomba kwa jina la baba yako, usifanye. Kopo lililofungwa halina pa kupumulia. Maji ya ndani yakigeuka mvuke, bati linapasuka na kumwaga mchuzi wa moto usoni mwa aliye karibu. Wewe una petroli nyuma ya mgongo wako. Na hata lisipopasuka, joto la injini halina faida yoyote. Chakula hakihitaji kupikwa tena. Vilevile usiyapange makopo yako mbele kwenye dashibodi jua likiwaka. Kuna mbegu za bakteria wanaopenda joto kali ambazo hubaki zimelala ndani ya kopo, na likikaa siku nyingi kwenye joto kubwa zinaamka na kukichachua chakula. Yaweke kwenye boksi chini ya kitanda cha kabini, upande usiopata moto wa injini.

Kufungua nako kuna adabu yake. Kopo limelala ghalani, panya wamelipitia, na mkojo wa panya una maradhi. Lioshe juu kwa maji na ulifute kabla ya kuvuta kile kipete. Nawa mikono kwa sabuni, maana mikono yako imeshika mipira ya mafuta na vifuniko vya tangi, na petroli si kitoweo. Tumia kijiko. Ukingo wa kifuniko hukata kama wembe, na kidonda cha kidole ukiwa katikati ya pori la Serenje kitakusumbua mpaka Ndola.

Ukishafungua, kopo hilo si kopo tena, ni chakula kilicho wazi kama kingine chochote. Ukile chote, au mgawie utingo. Usibakize nusu ukasema utaimalizia jioni. Kwenye joto la kawaida usikiache zaidi ya saa mbili, na kwenye kabini iliyopigwa na jua hata saa moja ni nyingi. Ndiyo maana nakushauri ununue makopo madogo hata kama kubwa lina nafuu ya bei. Kama mmepata mahali penye friji, hamishia kilichobaki kwenye bakuli lenye kifuniko. Usikiache ndani ya bati, hasa mananasi na nyanya, kwa sababu uchachu wake ukichanganyika na hewa hulila bati na ladha inageuka kuwa ya chuma.

Jodari wa kopo mchunge kuliko vyote. Nyama yake, kama ya samaki wengine wa jamii yake, ikikaa kwenye joto bakteria huigeuza ikawa na kemikali inayoitwa histamini, na hiyo haiondoki kwa kupasha, kuchemsha wala kukaanga. Ukitia mdomoni ukahisi inachoma kama pilipili wakati hukuweka pilipili, itemee mbali. Aliyeila uso humwiva, kichwa kinamgonga, ngozi inawasha na moyo unakwenda mbio, mara nyingi kabla hata saa moja haijapita. Usiku, kwenye mteremko wa Kitonga, sitaki kufikiria.

Na ujue kwamba hata kiwanda kikubwa hukosea. Mwaka 1964 watu zaidi ya 400 waliugua homa ya matumbo katika mji wa Aberdeen, Uskochi. Nyama ya kopo ilikuwa imetoka Argentina, na makopo yalipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. Kopo lilivuja kidogo tu kwenye mshono, maji yakaingia. Kisha dukani nyama ile ikakatwa kwa mashine moja na nyama nyingine, vijidudu vikasambaa kote. Ndipo viwanda vikashika sana suala la kutia klorini kwenye maji ya kupozea. Naikumbuka habari hii kila nikiona mshono uliopigika.

Kuhusu chumvi, nakusema kwa sababu presha imo katika ukoo wetu na wewe unakaa kwenye kiti kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Nyama ya kopo ina chumvi nyingi, na ikiwa baridi mafuta yake yanaganda mdomoni, kwa hiyo iwe ya mara moja moja. Maharage yamwage maji yake, yasuuze kwa maji safi, na sehemu ya chumvi itaondoka nayo. Jodari wa kwenye maji mchuje. Na usile makopo kila mlo. Ukiegesha pazuri, mbali na gari, nenda kwa mama lishe ukale ugali na mboga za majani.

Kisha kula vizuri, mwanangu. Baridi si lazima iwe na maana ya kula bila ladha. Ukipita Ilula nunua nyanya na vitunguu, vile vinavyopangwa barabarani kwenye ndoo. Katakata kitunguu na nyanya kwenye bakuli, kamulia ndimu, tia pilipili mbuzi kidogo, mwagia sadini pamoja na mafuta yake, changanya na maharage uliyoyasuuza. Kula na mkate au chapati ulizofungiwa na mkeo. Jumamosi nilimtengenezea hivyo hivyo, bila kuwasha moto. Akala, watoto wakala, wakaomba tena. Sasa anajua unachokula huko, na amesema safari ijayo atakufungia ndimu na vitunguu mwenyewe.

Nimempa dada yako mzigo akuletee Kurasini kabla hujapakia. Ndani yake kuna kifungulio cha makopo kizuri cha kuzungusha, vijiko viwili, kimoja cha utingo wako, bakuli lenye kifuniko, kipande cha sabuni kwenye kikopo chake na taulo dogo la kufutia vifuniko. Makopo sikuweka, nunua mwenyewe na uyabonyeze kabla ya kulipa. Ukivuka Nakonde nitumie ujumbe.

Mama yako