Mume wangu anataka tuuze lupango ili tuhamie Unguja: nizungumze vipi mbele ya wakwe zangu?

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, nikiomba ushauri wako, na wa wasomaji waliokwisha kuhama nchi na familia zao, juu ya jambo ambalo tumelizungumza nyumbani mara nyingi bila kuelewana. Mume wangu, ambaye ni fundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi, amepewa mkataba wa miaka miwili katika hoteli moja ya Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, na anatakiwa kuanza kazi mwezi wa Januari. Kazi yenyewe siipingi. Tangu kampuni aliyokuwa akiitumikia ipunguze wafanyakazi amekuwa akiishi kwa vibarua, na mwanamume mwenye ufundi wake kukaa nyumbani akingoja kuitwa kutengeneza friji ya jirani ni jambo linalomuumiza kuliko anavyokiri. Linalonikosesha usingizi ni namna anavyotaka tuhame. Anataka tuondoke sote sita kwa pamoja, yaani yeye, mimi, watoto wetu watatu na mama yake mzazi, na ili tupate fedha za safari na za kuanzia maisha anataka lupango wa familia uuzwe.

Lupango huo, yaani kiwanja pamoja na nyumba zilizomo, si wetu peke yetu. Baba mkwe aliupata alipokuwa bado kazini, akajenga nyumba kubwa na baadaye vyumba viwili vya nyuma ambavyo leo vina wapangaji. Tangu afariki, cheti cha usajili hakijabadilishwa. Bado kina jina lake. Warithi ni mume wangu na yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, anayeishi Kolwezi, na ndani ya nyumba anaishi mama yao, ambaye watoto wangu humwita Kambo, yaani bibi, na ndivyo nitakavyomwita katika barua hii. Kodi ya wale wapangaji ndiyo inayonunua dawa zake za shinikizo la damu na mara nyingi hata unga wa bukari, yaani wa ugali.

Naomba kwanza nieleze hoja za mume wangu kwa haki, kwa sababu si mtu wa papara. Anasema kwamba familia iliyogawanyika hufa polepole, na katika hilo ana ushahidi wa wenzake waliokwenda kufanya kazi Zambia na Afrika Kusini wakaishia kuwa na nyumba mbili na wake wawili. Anasema pia kwamba nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo Tanzania si ugenini tena, na kwamba kwa fungu lake la fedha za lupango tutanunua kiwanja kidogo Unguja na kujenga taratibu.

Hapo kwenye kiwanja ndipo nilipoanza kuuliza watu, na majibu niliyoyapata hayakunifurahisha. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, tofauti na za Tanzania Bara, na kwa sheria hizo ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya serikali. Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia. Mgeni hapewi haki hiyo, isipokuwa kwa njia ya ukodishaji unaoambatana na uwekezaji, au kwa kununua fleti katika majengo yanayojengwa kwa ajili ya watu wenye fedha nyingi kuliko sisi. Jumuiya haibadilishi jambo hilo, kwa kuwa itifaki ya soko la pamoja iliacha masuala ya ardhi yaendeshwe kwa sheria za kila nchi. Maana yake ni kwamba tukiuza Katuba hatutanunua Nungwi. Tutakuwa tumebadilisha nyumba kwa kodi ya pango, na mkataba ukiisha baada ya miaka miwili bila kuongezwa, tutarudi Lubumbashi tukiwa wapangaji katika mji ambao sisi wenyewe tulikuwa na wapangaji. Nilipomwambia hivyo mume wangu alijibu kwamba huko kila kitu hupatikana kwa kufahamiana na watu. Jibu hilo limenitia wasiwasi zaidi, kwa maana kiwanja kinachoandikwa kwa jina la rafiki ni kiwanja cha rafiki.

Kuna pia suala la vibali. Mwajiri ameahidi kushughulikia kibali cha kazi na cha ukaazi cha mume wangu, lakini mkataba hausemi ni nani atakayelipia vibali vya mke na watoto, na kuhusu Kambo haugusi lolote. Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili na wateja wa kudumu, hasa wakati wa ndoa na sikukuu, na nimeelezwa kwamba mtu anayekaa Tanzania kama mtegemezi wa mfanyakazi haruhusiwi kufanya kazi wala biashara mpaka apate kibali chake mwenyewe. Hesabu ya mume wangu ilikuwa imekwisha kuweka mapato ya ushonaji wangu katika bajeti ya Unguja.

Tena hoteli za pwani zina misimu yake. Kati ya Machi na Mei, wakati wa mvua za masika, wageni hupungua sana na baadhi ya hoteli hufunga milango kwa wiki kadhaa. Nimeusoma mkataba kwa makini, kwa kuwa ulikuja kwa Kiingereza na binti yetu mkubwa akanisaidia, na sikuona mahali panaposema kama mshahara wa miezi hiyo ni kamili au nusu. Anayeanza kazi Januari atakutana na masika kabla hajamaliza hata miezi mitatu.

Kuhusu safari yenyewe, nimezungumza na dereva mmoja wa jirani yetu anayepeleka shaba bandarini Dar es Salaam, na tangu siku hiyo siwezi kuitazama kama safari ya mapumziko. Ni karibu kilomita 2,000 za barabara. Unatoka hapa hadi Kasumbalesa, ambako foleni ya malori inaweza kukukalisha muda usioutarajia, kisha unaipita Zambia kwa Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi, halafu unapanda kaskazini kwa Mpika hadi Nakonde, ambako unavuka tena mpaka kuingia Tunduma. Kutoka Tunduma bado kuna Mbeya, Iringa na Morogoro kabla ya kuiona Dar es Salaam, na baada ya hapo ndipo unapanda boti ya kwenda Unguja, safari ya kama saa mbili kwa boti za kasi, na ukishuka Malindi mgeni hukaguliwa pasipoti tena ingawa nchi ni ile ile. Kapiri Mposhi mtu anaweza kuacha basi na kupanda treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na mimi ningependa hivyo kwa ajili ya Kambo, kwa sababu ndani ya treni mtu anaweza kulala akanyosha miguu. Lakini treni za abiria hazipiti kila siku, na anayeikosa hulazimika kutafuta malazi na chakula cha watu sita katika mji asioujua.

Mume wangu alidhani vyombo vyetu vingepelekwa kwa bei ndogo juu ya lori la huyo jirani. Dereva alicheka. Alisema mzigo wa shaba hufungwa kwa muhuri, na anayepachika magodoro ya watu kwenye lori la namna hiyo anatafuta kesi mpakani. Ushauri wake ni kwamba tuuze vitanda, friji na makabati hapa hapa, tubebe nguo, karatasi na sufuria chache, na cherehani moja ikiwa nitakubali kuilipia ushuru kila watakaponisumbua. Nadhani ana haki, ingawa sijui ni nani hapa Katuba atakayeyanunua makabati kwa bei isiyo ya dhihaka akishajua kwamba tunaondoka.

Watoto ni fumbo lingine. Binti yetu mkubwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na atafanya mtihani wa serikali, Exetat, mwishoni mwa mwaka huu wa masomo. Kumwondoa Januari ni kumnyima diploma aliyoisomea miaka yote, na katika hilo sitalegea hata baba yake akikasirika. Mwanangu wa pili yuko darasa la sita la msingi na naye anangojea mtihani wake. Shule zetu huanza Septemba na kumalizika Julai. Za Tanzania huanza Januari. Tukihama Januari, mtoto anakatwa katikati ya mwaka wa huku. Tukihama Julai, anaingia katikati ya mwaka wa kule. Lugha nayo inabadilika: wamesoma kwa Kifaransa, na sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Mdogo wa miaka mitano hanipi hofu, huyo atazoea akicheza.

Sasa Kambo. Ni Muyeke wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri wa zamani, na habari ya kwenda pwani haikumshtua kama nilivyodhani. Alituambia kwamba wazee wa Msiri walitoka Unyamwezi wakifuata shaba na pembe, wakafanya biashara na watu wa pwani hiyo hiyo, na kwamba si ajabu mjukuu kurudi kwa njia waliyoijia mababu. Watoto walifurahi sana, na mume wangu akalichukua hilo kama idhini. Mimi nilimsikia vingine. Jioni, tulipokuwa wawili tukichambua sombe, yaani majani ya muhogo, aliniuliza kama huko kuna padre, nami nikamjibu kwamba Mji Mkongwe una kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lakini Nungwi iko mbali na mji na wakazi wake karibu wote ni Waislamu, kwa hiyo misa ya kila asubuhi aliyoizoea hataipata. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kama saini yake inahitajika ili mwanawe apate maisha ataiweka.

Nimeambiwa na mtu anayejua sheria kwamba Kanuni ya Familia ya 1987 humpa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba aliyoishi na marehemu mumewe, kwa hiyo wanawe hawawezi kuiuza kana kwamba yeye hayumo. Lakini haki hiyo itamsaidia nini ikiwa yeye mwenyewe yuko tayari kuiachia kwa upendo? Ana zaidi ya miaka 70. Hata chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake huombwa kwa anayeingia Tanzania akitoka kwetu, daktari hamchomi mtu wa umri huo bila kumpima na kupima hatari zake.

Yaya wa mume wangu anakubali lupango uuzwe, na kwa haraka. Ana madeni Kolwezi, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Hivyo ndugu wote wawili wako upande mmoja, kila mmoja kwa sababu zake.

Maoni yangu ni kwamba mume wangu atangulie Januari peke yake, kwa nauli tutakayoipata tukiuza friji na moja ya cherehani zangu. Apite masika, aone kama mshahara unaingia na kama mwajiri anatimiza ahadi ya vibali. Binti na mdogo wake wafanye mitihani yao hapa. Baada ya Julai, ikiwa mambo ni mazuri, mimi na wadogo wawili tumfuate, na binti abaki na Kambo akiingia chuo kikuu hapa Lubumbashi, huku wapangaji wakiendelea kulipa. Cheti kibadilishwe kiandikwe kwa jina la warithi, na hapo hakuna atakayeamka asubuhi na kuuza peke yake. Najua udhaifu wa mpango huo: ni miezi mingi ya utengano, na mume wangu anaona kwamba ninapanga maisha yasiyo na yeye.

Ugumu ni kwamba mimi ni mke wa mtoto, si mtoto. Katika baraza la familia neno langu juu ya mali ya baba mkwe halina uzito, na nikilisema kwa sauti kubwa yaya atasema kwamba ninataka kubaki na nyumba. Nikimtumia Kambo azungumze, nitakuwa nimemgombanisha na wanawe wote wawili katika umri huu. Kuna mjomba wa mume wangu huko Likasi, mzee anayeheshimiwa na wote, lakini kumpelekea jambo kabla ya mume wangu kujua kutaonekana kama mashitaka.

Baraza limepangwa kufanyika kabla ya Krismasi, na mnunuzi mmoja amekwisha kuja kuupima uwanja kwa hatua. Naomba mniambie: ni busara nimwoneshe mume wangu kwanza, tukiwa wawili tu, yale niliyoyapata kuhusu ardhi na vibali, na nimpe muda, hata kama muda wenyewe ni mfupi? Au nimwombe yeye mwenyewe ampigie simu mjomba wake wa Likasi, ili pendekezo la kutangulia peke yake litoke kinywani mwa mzee na lisionekane kuwa la mke? Na kwa waliohamia Unguja wakitokea bara, mliwezaje kumwombea mama mzee kibali cha kukaa, na je, mwajiri alikubali kuyaandika hayo ndani ya mkataba kabla hamjasafiri?

Mama wa watoto watatu,
Katuba, Lubumbashi